Kabla ya kununua spika: kufungua kanisa jipya au kuinua linalozimika

Mimi si mchungaji. Ni shemasi, na siku sita za wiki nauza mukene katika soko la Busia, upande wetu wa Uganda. (Ng'ambo ya mpaka wanaita omena, Watanzania wanaita dagaa, samaki ni yule yule.) Ushirika wetu una makanisa madogo madogo kutoka ufukoni mwa ziwa hadi karibu na njia ya Tororo. Kwa kuwa najua kuweka hesabu na sina haya ya kuuliza maswali, wazee hunituma mimi kanisa linapozimika, au vijana wanapoleta ombi la kufungua jipya. Kazi hii nimeifanya tangu 2021. Mara nyingi nimekosea, basi yapokee haya kama unavyopokea ushauri wa mama aliyewahi kuunguza chungu.

Barua zinazonifikia zinafanana. Vijana huandika kwamba Bwana amewapa mzigo wa kupanda kanisa, halafu wanaorodhesha: spika mbili, kinanda, viti hamsini, turubai, jenereta. Wazee wa kanisa linalozimika huandika kwamba wanaomba mkutano wa injili wa siku tano ili moto urudi, halafu na wao wanaorodhesha: spika mbili, jenereta. Sijawahi kupata barua yenye majina ya watu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloomba ni daftari la washarika, lile la zamani lililoliwa na mende. Likiwa limepotea, tafuta mama mmoja aliyekaa hapo miaka mingi, umkalishe, muandike upya kwa kichwa chake. Halafu mpite naye jina kwa jina ukiuliza swali moja tu: huyu yuko wapi sasa? Chora safu nne. Waliokufa. Waliohama. Waliokwenda kanisa jingine. Waliokaa tu nyumbani. Mbele ya kila jina andika mwaka alioondoka, hata wa kukisia. Hizo safu ndizo zitakazokuambia ufufue au upande. Usiamue kabla hujazijaza, hata kama askofu anapiga simu kila jioni.

Nitakuonyesha kwa kanisa moja la pwani ya ziwa, upande wa Majanji. Serikali ilifunga nyumba za ibada Machi 2020 kwa ajili ya korona, na ilipozifungulia Septemba kwa sharti la watu wasiozidi 70, kanisa hili halikuwa na haja ya kumweka mtu wa kuhesabu mlangoni. Jumapili yangu ya kwanza pale tulikuwa kumi na mmoja, sita wa nyumba moja, na mbuzi aliyelala chini ya mimbari kana kwamba ndiye mwinjilisti. Wazee walikuwa na maelezo tayari: watu wamepoa, na kuna mtu amezika kitu kwenye kiwanja. Walitaka kesha la kuvunja madhabahu.

Nilikaa Jumapili sita kwenye benchi la nyuma bila kuhubiri wala kusahihisha. Hii nayo ni sehemu ya kazi, na ndiyo inayomshinda kila mtu, maana mgeni kutoka mjini hupewa kipaza sauti kabla hajakaa. Kikatae. Ukishahubiri, watu wanaanza kukuonyesha kile wanachodhani unataka kuona.

Siku za katikati ya wiki nilikaa na bibi mmoja ambaye kijiji kizima kinamwita Kukhu. Daftari lilikuwa na majina 143. Tulipomaliza, waliokufa walikuwa 17, waliohama 61, waliokwenda kanisa jingine 38, waliokaa nyumbani 16, na sisi tulio benchini 11. Nikaangalia miaka. Wengi wa wale 61 waliondoka 2017 na 2018. Huko ziwani kila mtu anajua kilichotokea miaka hiyo: wanajeshi waliwekwa kusimamia sheria za uvuvi, na mtumbwi usiofika futi 28 haukuruhusiwa tena majini. Mwenye mtumbwi mdogo hakuwa na la kufanya ila kufunga mizigo. Hakuna kitu kilichozikwa kiwanjani. Kanisa lilijengwa juu ya samaki, na wavuvi wakaondoka. Ungelileta hapo mkutano wa siku tano wenye spika za kusikika hadi Kenya, usingemrudisha mtu ambaye hana mtumbwi.

Safu ya tatu ilikuwa jambo jingine. Kati ya wale 38, ishirini na wanne waliondoka mwezi mmoja. Nilipomuuliza Kukhu, alishusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu.

"Ni yale matanga," akasema.

Mchungaji wa wakati ule alikuwa akiishi mjini, akija Jumapili kwa bodaboda na kurudi kabla ya saa nane. Mama mmoja wa kwaya akafiwa na mtoto. Huku kwetu mazishi si saa moja ya ibada. Ni kulala pale, kukaa kwenye moto na wanaume wa ukoo, kuchimba, kubeba, kula kilichopo. Mchungaji hakuja. Akaja wa kanisa la jirani, akalala siku mbili. Jumapili iliyofuata nusu ya kwaya ilikuwa kwake.

Nikienda kwa watu wa namna hii huwa sibebi Biblia mkononi. Nabeba sukari kilo mbili na majani ya chai, na Biblia inakaa chini ya mkoba. Nilimkuta mama yule akipukuchua mahindi kwenye mkeka. Hakuacha.

"Karibu, Mama Shemasi. Umetumwa na wale?"

"Nimetumwa. Lakini leo nimekuja kuhani."

"Miaka mitatu imepita."

"Najua. Tumechelewa."

Akamaliza gunzi zima, akalitupa, akachukua jingine. Kisha akasema, akiwa bado anaangalia mahindi: "Mchungaji wenu alinitumia elfu ishirini kwa simu. Akaongeza na ya kutolea. Jeneza halibebwi na simu, Mama."

Ukifika hapo, usijitetee. Usiseme mchungaji yule alishahamishwa, wala kwamba alikuwa na mgonjwa. Usimwombe arudi, wala usianze maombi ya sauti kubwa ili utoke salama. Chukua gunzi upukuchue. Mimi nilipukuchua mpaka ngozi ya kidole gumba ikatoka. Nilienda mara nne. Mara ya tatu nilikwenda na wazee wawili wa kanisa, na walikiri kwa vinywa vyao, mbele ya watoto wake, kwamba walijua na wakanyamaza. Kabla ya hapo nilikuwa nimepita kwa mchungaji wa kanisa la jirani kumsalimu na kumwambia wazi ninachofanya, ili asije akasikia kwamba naiba kondoo.

Mama yule hakurudi kwetu. Anasali kwa waliomzikia mtoto, na mimi naona ana haki. Lakini saba kati ya wale ishirini na wanne walirudi wenyewe, bila mtu kuwafuata, na wengine wawili kutoka safu ya waliokaa nyumbani.

Hapo ndipo ninaposimama kwa nguvu: kama safu iliyojaa ni ya walioumizwa, fufua. Usifungue kanisa jipya kilomita mbili pembeni ili kukwepa kuomba msamaha. Utakuwa umehamisha jeraha na kulijengea mabati.

Lakini msamaha hautoshi kama ufunguo uko kwa mtu mmoja. Katika kanisa lile ufunguo ulikuwa kwa mzee ambaye baba yake ndiye aliyetoa kiwanja, kwa mdomo tu, zamani. Kwaya ikitaka mazoezi, iende ikambembeleze. Akiudhika, Jumamosi nzima kanisa limefungwa. Uliza mapema, kabla ya kugusa paa au rangi: ufunguo unalala nyumba gani, na karatasi ya ardhi iko wapi? Sisi tulikaa na ukoo wake mara tatu. Makubaliano yaliandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na majirani wa pande zote nne, tukapanda miti ya mpaka siku hiyo hiyo. Jina lililoandikwa ni la wadhamini waliosajiliwa wa ushirika. Usikubali liwe la mchungaji, hata awe malaika, maana malaika naye ana watoto watakaodai urithi. Na hakikisha mke wa mtoaji ametia sahihi. Sheria ya ardhi ya Uganda inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla ya ardhi ya familia kutolewa au kuuzwa, na tawi letu moja lilijifunza hilo siku ya kupaua: mama mwenye nyumba alifika na watoto wake watano, akakaa katikati ya kiwanja, mafundi wakashuka. Tulipoteza mbao zote.

Mengine yaliyosaidia pale ziwani ni madogo. Choo kilichimbwa. Mahubiri yalikuwa yanatolewa kwa Kiganda na kutafsiriwa Kisamia, ibada ikimalizika watu wakiwa na njaa, ilhali ukishuka gatini unasikia Kiswahili tu, kwa sababu waliobaki ni mchanganyiko wa Wasamia, Wateso, Wasoga na Waluo. Tukahubiri Kiswahili, tukaokoa saa nzima. Na badala ya mchungaji wa bodaboda tukamweka mwinjilisti ambaye ni fundi cherehani, anakaa pale pale, anashona sare za shule, na msiba ukitokea usiku anausikia kilio kwa masikio yake. Baada ya miaka miwili tulikuwa 46 Jumapili ya kawaida. Wazee bado wanaota ile 143. Mimi nimewaambia waache, hata nyavu haziwezi kuvua mtu aliyehama.

Sasa niseme la kupanda, na nianze na aibu yangu. Mwaka 2022 nilikubali vijana wafungue kanisa hapa Busia mjini, ambako kila kichochoro kina kibao cha kanisa. Tulikodi chumba cha shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Spika tulinunua kwanza. Jumapili ya ufunguzi walifika 60, vijana wakaruka kwa furaha, mimi nikapita na kalamu nikiuliza kila mmoja: Jumapili iliyopita ulisali wapi? Hamsini na wawili walitoka makanisa ya mitaa ile ile. Niliona, nikajipa moyo. Walikuja kuonja kinanda. Mwezi wa tatu walikuwa wameenda kuonja kingine, majirani wanashtaki kelele za kesha, na mwezi wa tano mwenye nyumba alifunga viti vyetu ndani kwa deni la kodi. Nilivikomboa kwa mukene, na si kwa mfano wa maneno: nilimpa magunia mawili.

Swali lile la kalamu liulize Jumapili ya kwanza, na ulijibu kwa uaminifu. Kama zaidi ya nusu ya watu wako walikuwa na kanisa wiki iliyopita, hujapanda chochote. Umehamisha viti.

Basi pa kupanda ni wapi? Rudi kwenye daftari, safu ya waliohama. Nilimuuliza Kukhu kuhusu wale 61, akatoa simu yake ndogo yenye namba za wajukuu na majirani. Tulipiga siku mbili. Baadhi walikuwa Kampala, wengine walivuka mpaka, lakini kumi na wanne walikuwa Tiira, kwenye machimbo ya dhahabu, wakipiga mawe badala ya kutupa nyavu. Hawakuwa wamejiunga na kanisa lolote. Mmoja aliniambia, "Mama, huku Jumapili haipo. Kuna siku shimo lina maji na siku halina."

Kauli hiyo iliniokolea kodi ya mwaka mzima. Tusingeisikia, tungejenga banda na kungoja watu saa nne asubuhi ya Jumapili. Tulianza Alhamisi jioni, nyuma ya jiko la mama anayepika chapati, kwa sababu hapo ndipo wachimbaji wanapokusanyika wakiwa hawajanywa bado. Hatukuwa na spika. Mashine za kusaga mawe zinanguruma kutwa, watu wa pale wamechoka na makelele. Tuliketi kwenye madumu. Wanawake walikuja na mikono bado ina tope la kuchenjua, na zebaki wanaishika hivyo hivyo bila glavu. Mwinjilisti wetu alichofanya mwezi wa kwanza ni kuwasihi waoshe mikono kabla ya kunyonyesha, na sioni kwamba hiyo haikuwa injili.

Daftari la Tiira ni tofauti na la ziwani. Kila jina lina kijiji cha nyumbani na namba ya simu ya ndugu. Shimo likiporomoka, mara nyingi aliyefukiwa anajulikana kwa jina la utani tu, na wenzake hawajui wampigie nani. Tulipoandika zile namba, watu ambao hawajawahi kukanyaga ibada walikuja kuomba waandikwe. Tuliwaandika wote, akiwemo Mwislamu mmoja fundi wa mashine ambaye sasa ndiye anayetukumbusha kulisahihisha.

Makaratasi hayana mengi. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 kabla ya ibada ya kwanza, si baada ya malalamiko. Tawi jipya litumie usajili wa ushirika mama, na nakala ya cheti ikae pale tawini. Kelele zina kanuni zake chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na jirani mwenye mtoto mchanga ana subira fupi kuliko kanuni. Fedha ziwe na watia sahihi wawili wasio ndugu, na msaada wa kanisa mama uandikwe mwisho wake tangu mwanzo. Sisi tunatoa mwaka mmoja, ukipungua kila robo.

Kuna vijana huniambia kwamba kanisa la zamani ni kiriba kikuukuu, liachwe lipasuke. Bibi yangu alikuwa mlokole, na alikuwa akisimulia kwamba uamsho wa walokole, ule ambao watu wanauanzia Septemba 1929, Mganda Simeoni Nsibambi alipokutana na mmisionari Joe Church pale Namirembe, Kampala, ulikaa ndani ya kanisa lililokuwa limepoa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Bishop Tucker, Mukono, walifukuzwa kwa sababu ya uamsho huo, na bado walokole hawakujitenga. Na wazee wanaokataa kila tawi jipya nawakumbusha Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka hadi Boga, katika Kongo ya leo, mwaka 1896, ambako hakukuwa na kanisa la kufufua. Tena mama yangu alisali nyumbani kwa mtu, madirisha yamefungwa, baada ya Amini kupiga marufuku makanisa mengi mwaka 1977. Walikuwa tisa, hawana hata benchi. Kila mmoja wa watu hawa alikwenda waliko watu.

Na likiwapo kanisa ambalo safu ya waliohama imemeza nyingine zote, na waliobaki ni wawili watatu wasio na nguvu za kufungua mlango? Lifunge. Nimefunga moja. Lipa madeni kwanza, fanya ibada ya mwisho mchana kweupe, waite hata waliokosana nalo, soma majina ya wote waliobatizwa hapo. Wale wawili watatu wapangie mtu wa kuwafikia nyumbani kila wiki, kwa jina na kwa siku. Viti vipeleke kwenye tawi changa. Vyetu viko Tiira, na madumu yamerudi kuchota maji.

Wiki iliyopita wazee wa kanisa jingine, upande wa Lumino, walinipigia nikiwa sokoni napima kilo. Wanaomba mkutano wa siku tano na spika. Nikawaambia sawa, tutaongea, ila wanitumie daftari kwanza, hata kwa picha ya simu. Nimepiga tena jana. Wanasema bado wanalitafuta.